Vina na Dhamiri ya Mtoto

Mtoto wa Songambele, katika nchi ya Karagwe na Kyerwa, hukutana na Kiswahili cha darasani huku kinywa chake kikiwa kimezoea lugha nyingine, mara nyingi Kinyambo. Shairi la maadili humfikia kwanza kama sauti. Maana hufuata nyuma, pengine baada ya miaka. Je, adili lililohifadhiwa kabla ya kueleweka ni adili, au ni usemi wa kasuku?

Wachina wa kale walikwisha kulijibu swali hili kwa matendo. Sanzijing, kitabu cha watoto ambacho kwa mapokeo hunasibishwa na Wang Yinglin wa karne ya 13, kimepangwa kwa mafungu ya maneno matatu matatu yenye vina, na huanza kwa kudai kwamba binadamu huzaliwa mwema. Watoto walikighani kwanza, wakafafanuliwa baadaye. Akiba, waama, huwekwa kabla ya njaa.

Pwani ya Waswahili iliijua njia hiyo pasipo kufundishwa na China. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham wa Pate alimtungia binti yake utendi wa wosia. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani nane. Vitatu vya kwanza hupatana kwa kina, na cha nne hurejea kina kimoja tangu mwanzo hata mwisho. Sikio likishaushika mwendo huo, si rahisi kuuachilia.

Hapo ndipo penye shida. Utendi huo hufundisha kumcha Mungu, adabu na ulimi wa hadhari. Hufundisha pia kwamba siku ya kiama mke ataingia peponi kwa radhi ya mumewe. Kina hakibagui. Hubeba yote kwa utamu mmoja, na mtoto asiyeweza bado kujibu huyameza pamoja. Wanaosifu kumbukumbu za wazee (nao ni wengi) hulipita jambo hili kimya.

Hata hivyo, kuvitupa vina si dawa. Asiyehifadhi kitu hana cha kubishana nacho ukubwani, bali binti aliyeghani utii ndiye ajuaye hasa ubeti wa kuukataa. Basi lawama humwangukia mwalimu akatazaye maswali baada ya kughani. Songambele yenyewe ni amri iliyogeuka jina, wala haisemi mbele ni wapi. Mtoto ana haki ya kuuliza, hata kwa Kinyambo.