Kuiga programu ni wizi?

Vijana wetu wa kompyuta wananiuliza jambo ambalo silisikii likijadiliwa misikitini. Mtu anatengeneza programu huria ya kuandikia kumbukumbu, ataigawa bure, lakini inafanya kazi kama ile inayouzwa na kampuni. Je, ni mwizi?

Naona si mwizi, na mahakama za wenzetu zimeelekea huko huko. Mwaka 1995, katika kesi ya Lotus dhidi ya Borland, mahakama moja ya rufaa ya Marekani iliamua kuwa mpangilio wa amri za menyu hauna hakimiliki. Mwaka 2012, katika kesi ya SAS, Mahakama ya Ulaya ikasema kazi inayofanywa na programu hailindwi. Kinacholindwa ni maandishi yake. Fundi aliyeona kanzu nzuri siku ya Ijumaa akaenda kushona inayofanana nayo hajaiba kanzu ya mtu.

Hata hivyo, asije mtu akahalalisha kila kitu. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Kuwait mwaka 1988, ilipitisha kuwa jina la biashara, utunzi na uvumbuzi ni haki za wenyewe na haijuzu kuzivamia. Basi kunakili maandishi ya programu ya mtu ni dhulma, na kuipa yako jina la kuwachanganya watu ni ghishi, hata kama hupokei senti moja. Wapo wanaodhani neno "bure" linatakasa. Mbona hata programu huria zina leseni zake! Anayechukua kazi iliyo chini ya GPL akaisambaza huku akificha maandishi yake, naye amedhulumu.

Linalonisumbua zaidi ni ahadi. Ulipoweka programu ya kampuni ulibonyeza "nakubali", na mara nyingi humo mna sharti la kutoifumua. Sheria ya Ulaya inaruhusu kuifumua pale inapobidi ili programu mbili zielewane, na inabatilisha sharti la kuzuia hilo. Lakini Suratul Maida inaanza kwa kuwaamrisha waumini watimize ahadi. Wengine husema sharti lisilosomwa halina ridhaa. Sikubaliani nao, nani alikushika mkono ukabonyeza? Ninachokataa ni sharti la kunizuia kutoa kumbukumbu nilizoziandika mwenyewe. Hizo ni mali yangu.

Kwa hiyo kijana aitazame programu kwa nje kama mtumiaji yeyote, kisha aandike yake kuanzia mwanzo. Na asome kwanza mkataba wake wa ajira, maana wapo waajiri walioandika humo kuwa kila atakachotunga, hata usiku nyumbani kwake, ni chao.