Kurudilia wimbo si kujifunza wimbo

Ulizo hili nililetewa na baba mmoja wa hapa kwetu Lubumbashi. Alikuwa ameuza kinga yake ili anunulie mtoto gitaa. Akaniambia: «Mwalimu, mtoto iko anapiga saa mbili kila siku, sasa miezi sita, na haendelei. Njo kusema Mungu hakumupa zawadi. Niuzishe ile gitaa?»

Nilienda kusikiliza. Kijana alianza wimbo vizuri. Alipofika pa kubadilisha akordi, vidole vikakwama. Akarudi mwanzo. Mara ya pili vile vile, mara ya kumi vile vile. Mwanzo ulikuwa mtamu kabisa; pa kukwama palibaki pale pale.

Je, mtoto huyu alikuwa mvivu? Hapana. Lakini alikuwa anajidanganya bila kujua. Vidole havichagui: vinashika kile vinachorudilia, kizuri ao kibaya. Kila siku alikuwa anafundisha vidole vyake kosa lile lile, kisha anajipoza kwa mwanzo wenye kupendeza. Na sisi wakubwa tunafanya hivyo. Mimi mwenyewe, mara ngapi nimefundisha tena somo ninalolipenda, na kuruka lile linaloniangusha?

Tumukumbuke Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimurekodi mwaka 1952 kule Jadotville, yaani Likasi ya leo. Alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada cha mukono wa kuume: gumba linashika besi, kile kingine kinaimba. Anayesikia anadhani magitaa ni mawili. Anayetaka kufuata njia hiyo atenganishe kazi: gumba peke yake, kidole cha shahada peke yake, kisha vyote pamoja, polepole.

Nilimwambia kijana: «Acha mwanzo. Kamata pale unapokwama tu, akordi mbili, polepole mpaka usikosee. Ukipiga mara tano bila kosa, unganisha na kinachotangulia. Nusu saa kila siku inatosha. Usingojee siku ya posho upige saa tano.»

Wengine watasema: na furaha itakuwa wapi? Kweli, muziki bila furaha ni adhabu. Basi baada ya kazi, apige anavyopenda, hata akosee, na ndugu zake wacheze. Lakini asiite mchezo kazi, wala kazi asiifanye mchezo. Kila kimoja kina saa yake.

Baba hakuuza gitaa. Kijana leo anapita pale pa kukwama, si kila mara, lakini anapita. Sisemi kwamba zawadi haiko. Nasema kwamba hatuna haki ya kuhukumu zawadi ya mtoto kabla ya kumufundisha kutazama kosa lake uso kwa uso. Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo. Lakini kama kibaba kimetoboka, tuzibe tundu kwanza.