Ujira wa Saa Kumi na Moja

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, Yesu asimulia habari za mwenye shamba la mizabibu aliyeajiri vibarua tangu alfajiri hadi saa kumi na moja. Msomaji wa pwani hahitaji kufasiriwa saa hiyo: ndiyo yetu, jua likielekea kuzama. Jioni wote walilipwa dinari moja, ujira wa kutwa. Wa alfajiri wakanung'unika.

Je, walidhulumiwa? La, walipewa walichopatana. Kilichowauma ni kijicho: fungu lao halikupungua, ila walimwona mwenzao kapata kama wao. Nasi tuseme kweli, wengi wetu tungenung'unika pamoja nao.

Lakini yule aliyeshinda sokoni hakuwa mvivu. Alikosa wa kumwajiri, na njaa ya nyumbani kwake haikuwa nusu njaa. Haki hupima jasho. Wema wa Mungu, kwa imani ya Kikristo, hutazama pia chungu kilicho kitupu, wala kwa kukijaza haumpunji mwingine. Kuupokea wema huo ni rahisi. Kuuona ukimshukia jirani, nasi tukafurahi, ndiko kugumu.