Ganda Limeng'aa, Vumbi Limekwenda Wapi?

Mpwa wangu, mama yako ameniambia umenunua mashine nyingine ya kusafishia maganda ya risasi. Hakulalamika, alitaja tu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka kuuliza. Nami nimechoka, sikufichi. Haya ninayotaka kukuambia nimeyasema kwenye simu, nikayasema tena siku ya Idi tulipokuja kwenu Minnesota, na kila mara uliniitikia "ndiyo, mjomba" huku macho yako yako kwenye ile ndoo ya maganda. Basi leo naandika. Maandishi huwezi kuyaitikia halafu ukaondoka.

Kwanza ujue sina ugomvi na kazi yenyewe. Huko Marekani, mtu kuokota ganda la risasi lililokwisha kufyatuliwa, akalisafisha, akalitia fataki mpya, baruti na kichwa kipya, ni jambo la halali na la siku zote. Wawindaji wa kulungu wanafanya, na walenga shabaha wanafanya. Ganda ndilo lenye gharama kubwa katika risasi nzima, na la shaba nzuri linafyatuliwa mara nyingi kabla halijachoka. Mimi nimekereza vyuma maisha yangu yote. Naujua utamu wa kitu kilichopimwa kikakaa sawasawa. Uombe ruhusa tu kabla ya kuokota, maana kuna viwanja ambavyo ganda likishaanguka chini ni mali ya uwanja. Na zile picha za maganda acha kuzituma kwenye kundi la familia. Kwetu risasi ni mambo ya leseni na polisi, na shangazi zako wanazifungua picha hizo mbele za watu.

Kinachonichosha ni huo mng'aro. Unayapanga maganda yako mezani yakimetameta kama dhahabu ya bi harusi, kisha unasema bado, unayarudisha kwenye mashine saa mbili nyingine. Nani amekuambia lazima yang'ae hivyo? Ganda linasafishwa kwa sababu za maana, nazo si nyingi. Mchanga na masizi yakiingia kwenye kalibu ya presi, ile inayolirudishia ganda umbo lake, yanaikwaruza, na kalibu ikishakwaruzika itaweka alama kwenye kila ganda linalofuata. Halafu, ufa hauonekani chini ya uchafu. Hili la ufa ndilo ningetaka ulipende kuliko mng'aro. Lishike ganda karibu na dirisha, uligeuze polepole. Tafuta mstari mwembamba unaolizunguka juu kidogo ya kitako, uliopauka kuliko shaba ya pembeni yake. Hapo shaba imevutika ikabaki nyembamba. Ukiushuku, chukua waya mwembamba, ukunje ncha, uuingize mdomoni mwa ganda hadi chini, kisha ukwaruze ukuta wa ndani ukipanda juu. Ukihisi ncha imetumbukia kwenye kijifereji, ganda hilo limekwisha. Libonyeze kwa koleo palepale, usije ukalirudisha kwenye ndoo kwa kusahau. Kitako kikikatika bunduki iko begani, gesi ya moto inarudi upande wa uso wako.

Kupita hapo ni urembo. Tazama maganda ya jeshi la Marekani yanayotoka kiwanda cha Lake City, kule Missouri. Shingoni yana madoa ya buluu na kahawia, alama ya moto uliotumika kuilainisha shaba mahali hapo. Yanaachwa na madoa yake makusudi, mkaguzi aone kwamba kazi imefanyika. Jeshi lenye fedha zote zile halikuona haja ya kuling'arisha shingo la ganda. Wewe mashine mbili za nini?

Sasa tuje kwenye vumbi, maana hapo ndipo roho yangu ilipo.

Ile fataki ya kitakoni, kile kikombe kidogo kinachogongwa na pini ya bunduki, kwa kawaida imetiwa mchanganyiko wenye madini ya risasi, bariamu na antimoni. Ziko siku hizi zisizo na madini ya risasi, lakini unayookota uwanjani hujui yametoka kwa nani. Fataki ikilipuka, sehemu ya madini hayo inatoka na moshi, na sehemu inabaki ndani ya ganda, katika ule uchafu wa kijivu unaokupaka vidole. Unalitia ganda kwenye mashine ya kutetema iliyojaa magunzi ya mahindi yaliyosagwa, au maganda ya jozi, unaiacha ingurume mpaka jioni, unalitoa safi. Unafurahi. Lakini uchafu haukupotea, mwanangu, umehama tu. Umeingia kwenye magunzi, umekuwa unga. Magunzi mapya yana rangi ya njano iliyofifia. Yako nimeyaona, yamekuwa ya kijivu iliyokolea. Unapoyachekecha ili kuyatenga na maganda, lile wingu dogo linalopanda, ambalo unalipungia mkono lisikuingie machoni, ndilo lenye sumu.

Na unachekechea wapi? Chumba cha chini ya nyumba. Ninakuelewa, Januari ya Minnesota haimruhusu mtu kukaa nje. Lakini mashine yako iko hatua mbili kutoka pale inapovutwa hewa ya kupashia nyumba joto. Hewa hiyo inapashwa, inasukumwa kwenye mabomba, inapanda kwenye vyumba vyote. Chumba unachochekechea kinapumua pamoja na chumba anacholala mtoto. Na mtoto wako sasa anatambaa, kila anachokiokota kinaishia mdomoni, na viatu vyako vinapanda ngazi kutoka chini hadi kwenye zulia lake.

Usidhani ni woga wa wazee. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 ya kile anachofyonza mtu mzima akimeza kiasi kilekile. Hukohuko kwenu, mwaka 2021, wakuu wa afya walishusha kipimo cha kumchunguza mtoto kutoka mikrogramu 5 hadi mikrogramu 3.5 katika desilita moja ya damu. Mikrogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni. Kiasi hicho hukioni kwenye kidole. Madini yakishaingia yanajificha mifupani yakakaa miaka, na mara nyingi mtoto haonyeshi kitu: hana homa, hakohoi, anacheza. Madhara yanakuja kuonekana baadaye, anapotakiwa kusoma na kutulia darasani, na hapo hakuna dawa ya kuyarudisha yaliyopotea.

Kwa hiyo mashine itoke ndani ya nyumba. Iende kwenye banda la gari, na liwe banda lisilopeleka hewa ndani. Kifuniko kifungwe muda wote inapotetema. Tupia humo kipande cha ile karatasi laini ya kukaushia nguo, kinanasa vumbi jingi. Kikichafuka kitoe ukiwa na glavu. Kuchekecha kufanyike nje, siku isiyo na upepo, umevaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, si ile ya kitambaa. Usifagie. Ufagio unalirusha vumbi tena hewani, na mashine ya kawaida ya kuvuta vumbi inalipulizia nje kwa nyuma. Pangusa kwa kitambaa kilicholowa, halafu kitambaa ukitupe. Nguo za kazi hiyo zifuliwe peke yake, viatu vibaki hukohuko. Chai usiipeleke kule, nimekuona. Mikono uioshe kwa sabuni kabla hujashika chochote, na zaidi kabla hujambeba mtoto.

Mimi ningekuwa wewe ningeacha kabisa njia kavu, nikasafisha kwa maji. Maji yanalilaza vumbi. Ung'oe fataki iliyotumika kwanza, ukijua kwamba hapo ndipo unga wa kijivu unapomwagika zaidi, kwa hiyo tandika kitu cha kutupa. Kisha maganda yaingie kwenye pipa la kuzungusha pamoja na maji, tone la sabuni ya vyombo, na asidi ya sitriki kidogo: nusu kijiko cha chai kwa lita nne za maji kinatosha. Hapo hapana siri mpya. Bibi yako, mama yetu, alisugua masinia na dele kwa ndimu na majivu, na asidi iliyomo kwenye ndimu ndiyo hiyohiyo inayouzwa huko kwenye pakiti. Alijua pia kuisuuza haraka. Wewe unamimina nusu kikombe, unaacha usiku kucha, kisha unaniuliza kwa nini maganda yametoka na rangi ya waridi. Shaba ya ganda la risasi ni sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki. Asidi nyingi inakula zinki, na waridi unayoiona ni shaba nyekundu iliyoachwa peke yake juu. Hukulisafisha, umelichubua.

Watu wengi wanaongeza zile pini ndogo za chuma kisichoshika kutu ili zisugue ndani. Sawa, lakini pini hukwama, na ganda la milimita 9 huingia ndani ya lile la .40 au la .45 likang'ang'ania humo pamoja na maji. Yatenge kwanza kwa ukubwa. Na unapoyatenga, litazame kila moja: kwenye ndoo za kuokota uwanjani huwa imo risasi nzima ambayo haikulipuka. Hiyo haiingii kwenye mashine yoyote ile.

Maji yanayotoka hapo ni meusi, na weusi wake ni uleule wa vumbi. Usiyamwage kwenye sinki la jikoni wala kwenye bustani ya mkeo anakopanda sukuma wiki. Yatie kwenye dumu lenye kifuniko na uandike juu kilichomo. Magunzi yako ya zamani nayo yatie kwenye mfuko ufungwe. Kaunti za huko zina vituo vya kupokea taka za sumu za majumbani. Nenda ukaulize, utaelekezwa.

Kukausha pia umekufanyia haraka isiyo na maana. Mkeo alimwambia mama yako kwamba aliyakuta maganda kwenye oveni. Mwanangu, oveni ya mikate! Achilia mbali hayo madini. Joto likipita kiasi linalainisha kitako cha ganda, na kitako ndicho kinachotakiwa kiwe kigumu. Shingo tu ndilo linalolainishwa kwa moto, nalo hulainishwa na anayejua. Yatandaze kwenye taulo kuukuu mbele ya feni, uyaache siku kadhaa. Tone moja lililobaki ndani linaweza kuiharibu baruti, ukavuta kifyatulio pale kulungu anapokutazama, usikie "tik".

Tena usiyapake dawa ya kung'arishia yenye amonia. Nasema hivyo kwa sababu ya jambo lililowapata Waingereza kule Bara Hindi katika karne ya 19. Risasi zao zilihifadhiwa kwenye mazizi ya farasi wakati wa masika, zile mvua zinazoletwa na upepo wa kusi ambao mababu zetu waliusubiri kwenda Hindi na majahazi yao. Mvua zilipokwisha wakazikuta zimepasuka zenyewe, hakuna aliyezigusa. Mafundi wa metali hawakupata maelezo kamili mpaka mwaka 1921: mkojo wa farasi hutoa amonia, hewa ilikuwa na unyevu, na shaba iliyofinyangwa kwa nguvu kiwandani hubaki na mkazo ndani yake. Amonia ikaipasua shaba palipo na mkazo huo. Ganda lako nalo lina mkazo, maana limefinyangwa, likavimba kwenye bunduki, ukalirudisha kwenye kalibu. Chupa ya kung'arishia isome nyuma kabla hujainunua, na kama imeandikwa amonia, irudishe.

Lililobaki si la maganda. Kesho asubuhi piga simu kliniki ya mtoto. Waambie bila kuzungukazunguka kwamba nyumbani kuna mtu anayesafisha maganda ya risasi ndani, wampime damu. Nawe upimwe, na mkeo, na hasa ikiwa ana mimba nyingine ambayo hamjatuambia. Usimtishe, mweleze tu kama nilivyokueleza. Majibu yakitoka nipigie, hata kama ni usiku. Na mashine zote mbili ziwe zimekwisha kutoka humo ndani kabla hayajatoka.