Fingo Haling'oi Kiduha

Alhamdulillahi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba wake. Ama baad:

Ndugu zetu Waislamu, katika mambo yanayotusikitisha ni kumwona mkulima aliyelima, akapanda na kupalilia, kisha mahindi yake yakapiga manjano na kudumaa, na chini yake yakachipuka maua mekundu au ya zambarau ya kiduha. Naye, badala ya kuuliza sababu, huenda kwa mganga. Huambiwa kuwa shamba limelogwa na jirani. Hutakiwa kuku, na fedha, na fingo la kufukia pembeni. Msimu wa pili kiduha kimezidi, fedha zimekwenda, na jirani amekuwa adui. Basi hapa zimekutana hasara tatu: ya mali, ya udugu na ya itikadi, na hii ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote.

Huenda mtu akasema: "Haya ni majaaliwa, nasi twatawakali." Twamjibu: kutawakali ni baada ya kumfunga ngamia, kama alivyotufundisha Mtume (s.a.w.), si kabla yake. Mwenyezi Mungu amejaalia kila jambo na sababu yake, na mwenye kuiacha sababu hakutawakali, bali amezembea.

Kiduha ni nini, basi? Ni mmea unaoishi kwa kunyonya mwenzake. Hujishika katika mizizi ya mahindi, mtama au wimbi, ukanyonya maji na chakula, na madhara yake huanza chini ya ardhi kabla hujauona. Mche mmoja hutoa mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo mfano wa vumbi, nazo zaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikingoja. Haziamki ila zikipata dalili itokayo katika mzizi wa mmea unaozifaa. Na aghlabu kiduha hustawi katika ardhi iliyochoka, iliyopandwa mahindi mwaka baada ya mwaka bila ya kurudishiwa kitu. Hapana uchawi hapa, wala jicho la jirani.

Sasa na tutazame dawa. Katika miaka ya 1990, wataalamu wa taasisi ya utafiti wa wadudu, ICIPE, katika kituo chao cha Mbita kando ya Ziwa Viktoria, wakiongozwa na Zeyaur Khan na wakisaidiana na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, walitafuta njia ya kuwazuia funza wa mabua. Wakapanda desmodiamu, mmea wa jamaa ya kunde, baina ya mistari ya mahindi, na nyasi za nepia kulizunguka shamba. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo. Nepia huwavuta wakatage mayai huko, na funza wengi waanguliwao hufa, kwani nyasi hiyo hutoa utomvu unaowanasa. Njia hii huitwa vuta sukuma. Kisha ikadhihirika kheri nyingine: penye desmodiamu kiduha hupungua. Mizizi yake hutoa kitu kinachoziamsha mbegu za kiduha, na kingine kinachokizuia kisishike mahindi. Basi mbegu huota na kufa. Tena mmea huo hufunika udongo, huhifadhi unyevu na hurutubisha ardhi kwa naitrojeni itokayo hewani. Na majani yake na ya nepia ni chakula cha ng'ombe na mbuzi.

Wala sisi wa Pwani tusidhani kuwa ilimu hii iko mbali nasi. Mwaka 1993 taasisi hiyo hiyo ilimwachia huku Pwani nyigu mdogo aliyeletwa kutoka Pakistan, atagaye mayai yake ndani ya funza wa mabua aliyeingia Afrika kutoka Asia. Na watoto wa nyigu humla funza huyo.

Hatusemi kwamba kazi ni nyepesi. Desmodiamu hukua polepole, hutaka kupaliliwa sana msimu wa kwanza, na mbegu zake zina gharama. Mahali pakavu hupandwa nyasi ya brakiaria badala ya nepia, pamoja na desmodiamu istahimiliyo ukame. Kiduha hakimaliziki kwa siku moja. Hupungua msimu baada ya msimu. Asiyeweza haya, na aking'oe kabla hakijatoa mbegu, atie samadi, na abadilishe mazao. Fedha za kuku na fingo zingefaa kununulia mbegu.

Tena tukumbuke kuwa katika mazao yaliyofikia nisabu mna haki ya maskini: fungu 1 katika 10 kwa yaliyonyweshwa na mvua, na 1 katika 20 kwa yaliyomwagiliwa kwa taabu na gharama. Mwenye kuliacha shamba likaharibika, na dawa ipo, amejinyima yeye na amemnyima maskini. Na Mtume (s.a.w.) ametubashiria kwamba alichopanda Mwislamu, akala mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka.

Basi, ndugu yangu, mwendee bwana shamba ukamwulize, wala usione haya kuuliza. Lifukue fingo ulitupe. Na ikiwa ulimdhania jirani yako ubaya, mwendee umtake radhi kabla ya mvua kunyesha, mpate kulima kwa moyo safi. Kwani mbegu za kiduha hazijui mpaka, na mmoja akilisafisha lake peke yake, jirani yake akaacha, taabu itarudi kwa wote wawili.

Mwenyezi Mungu atupe ilimu yenye manufaa, na baraka katika ardhi zetu. Amin.