Swali la Pili

Katika darasa la wakatekumeni mwalimu auliza ni nani aliyewaumba watu, na wote wajibu kwa sauti moja: Mungu. Jibu ni la kweli, tena wamelishika kwa bidii. Lakini mwalimu akimgeukia mmoja wao na kumwuliza, "Na jirani yako, ambaye hamsemezani tangu mavuno, yeye ameumbwa na nani?" sauti zote hukoma. Je, mwalimu huyo amemtendea mwanafunzi wake haki, au amemwaibisha mbele ya watu?

Wako wasemao kwamba yatosha kushika majibu kwa moyo. Neno lao si la kudharauliwa, kwa maana mtu asiye na kitabu huchukua kichwani yale aliyoyashika, nayo humsaidia shambani na katika ugonjwa. Ila jibu lililoshikwa tu lafanana na jiwe la kijani lichimbwalo upande wa Likasi, mji wa Katanga ya Juu uliokuwa ukiitwa Jadotville hata mwaka 1966. Shaba imo ndani yake, wala haionekani. Wazee wa Katanga, zamani kabla ya viwanda, waliyatia mawe hayo katika tanuru ya udongo pamoja na makaa, wakavukuta kwa nguvu mpaka shaba ikayeyuka. Wakaimimina katika kalibu za mfano wa msalaba, na misalaba hiyo ikatumika kama fedha. Aliyevukuta mara moja na kwenda zake alirudi akakuta mawe.

Wala kuuliza tena si desturi ya kigeni. Penye shauri la shamba au la mahari wazee hawaridhiki na neno la kwanza. Humwuliza msemaji aliona nini, nani alikuwapo, na kwa nini alikaa kimya siku zile. Hakuna aonaye kwamba ametukanwa, kwa kuwa kuulizwa hivyo ni kuhesabiwa mtu mwenye neno.

Basi ubaya, kama upo, umo katika nia na namna ya kuuliza. Watu fulani walimwuliza Bwana wetu habari ya kodi ya Kaisari ili wamnase. Yeye aliuliza kwa namna nyingine. Katika Injili ya Luka mwanasheria ataka kujua jirani yake ni nani. Bwana amsimulia habari ya Msamaria, kisha amrudishia swali, ni yupi kati ya wale watatu aliyekuwa jirani wa mtu aliyejeruhiwa. Mwanasheria akajibu mwenyewe, na jibu lililotoka kinywani mwake hakuweza kulikana.

Mwalimu wa kijiji naye angeliuliza darasa lote, bila kumwonyesha mtu kidole: "Na yule tuliyekosana naye, ameumbwa na nani?" Kisha angelingoja. Kungoja huko ni kazi ngumu, na walimu wengi hujijibu wenyewe kabla mwanafunzi hajavuta pumzi. Mmoja akisema kwamba huyo naye ni wa Mungu, mwalimu asimsifu upesi na kupita. Amwulize: "Basi kesho mkikutana kisimani, itakuwaje?" Tena amgeukie mwingine: "Mama, wewe wasemaje juu ya neno hilo?"

Katika Afrika hii hii, kama mwaka 400, Mtakatifu Agostino, Askofu wa Hippo, alimwandikia Deogratias, shemasi wa Karthago, aliyesikitika kwamba mafundisho yake yaliwachosha wasikilizaji. Agostino alimwonya asidhani anyamazaye amedharau. Huenda ana hofu au haya, au hakuelewa. Aondolewe hofu kwa upole, aulizwe kama ameelewa, apewe uhuru wa kupinga. Tena aliyechoka kusimama apewe kiti! Mtakatifu huyo alijua ya kuwa miguu inayouma huziba masikio.

Naye mkatekumeni ana haki ya kuuliza. Yule mkuu wa Ethiopia, garini mwake, aliulizwa na Filipo kama aliyaelewa aliyokuwa akiyasoma; hakuona aibu kukiri kwamba alihitaji wa kumwongoza, akauliza nabii alisema habari za nani. Mkatekumeni akiuliza neno asilolijua mwalimu, mwalimu na aseme wazi, "Sijui; nitamwuliza Padre huko Likasi," na Jumapili ifuatayo alete jibu.