Je, Mkristo Aape?

Kila siku twasikia sokoni, kituo cha mabasi na hata uani mwa kanisa: "Haki ya Mungu!" "Wallahi!" Mtu akiona hasadikiwi, hulitaja Jina la Mungu ili neno lake lipate uzito. Jambo hili latupasa kulifikiri, na yafaa kwanza tuwasikilize ndugu zetu Wakweka, waitwao pia Marafiki. Hapa Afrika Mashariki wengi wao wako magharibi ya Kenya, ambako wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka 1902.

Wakweka walianza Uingereza katikati ya karne ya 17, kwa mahubiri ya George Fox. Walifundisha kwamba Nuru ya Kristo humwangaza kila mtu. Katika ibada waliketi kimya, bila kasisi wala kitabu cha sala, mpaka mmoja wao asukumwe na Roho kunena. Watu waliozoea kungoja hivyo waliliheshimu sana neno. Tena walilishika kama lilivyo agizo la Bwana wetu katika Mathayo 5, na la Yakobo katika sura ya 5 ya waraka wake, la kutokuapa kabisa. Walisema: anayeapa kwamba sasa atasema kweli, anakiri kwamba siku nyingine ana kipimo kingine.

Msimamo huo uliwagharimu. Mwaka 1662 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuwaadhibu waliokataa viapo. Mwaka 1664 mama mmoja, Margaret Fell, alihukumiwa mjini Lancaster kunyang'anywa mali na kufungwa maisha, kwa kuwa alikataa kuapa utii kwa mfalme. Alikaa gerezani mpaka mwaka 1668. Ilipofika mwaka 1696 sheria iliwaruhusu kuthibitisha badala ya kuapa, ingawa si katika ushahidi wa kesi za jinai. Leo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu kiongozi ama kuapa ama kuthibitisha.

Kanisa letu lilijibu kwa namna nyingine. Ya mwisho katika zile Kanuni 39 za Dini inakataza viapo vya ovyo, bali inamruhusu Mkristo kuapa hakimu anapomtaka, kwa ajili ya imani na upendo. Bwana mwenyewe alijibu alipoapishwa na Kuhani Mkuu, na Mtume Paulo alimwita Mungu awe shahidi wake. Nasi twaona kanuni hiyo ni njema. Mjane anayedai shamba lake anahitaji mashahidi waliofungwa na kitu kizito kuliko urafiki.

Hata hivyo swali la Wakweka halijaisha. Wao walilipeleka mpaka dukani. Wenye maduka miongoni mwao walitaja bei moja kwa wote, kwa kuwa waliona kutaja bei usiyoikusudia ni uongo. Hapo twaweza kubishana nao kidogo. Sokoni kwetu muuzaji na mnunuzi wote wajua kwamba bei ya kwanza ni mwanzo wa mazungumzo, hakuna aliyedanganywa. Lakini muuzaji akisema, "Mimi mwenyewe nimenunua kwa elfu tano," naye alinunua kwa elfu tatu, mapatano yamekwisha na uongo umeingia. Akiongeza "Haki ya Mungu", amemfanya Mungu shahidi wa uongo huo.

Basi tuupime usemi wetu. Fundi asema "kesho" akijua si kesho. Mtunza hazina aahidi hesabu Jumapili ijayo, na Jumapili ikifika aahidi nyingine. Mzazi amtuma mtoto amwambie mgeni, "Baba hayupo." Hakuna aliyeapa hapo, na kwa hiyo twadhani hakuna aliyekosa. Hivyo ndivyo vipimo viwili ambavyo Wakweka walivichukia kuliko gereza.

Tukiitwa mahakamani, tuape kwa kumcha Mungu. Tukitoka, tuseme nyumbani na sokoni kana kwamba mkono wetu ungali juu ya Biblia. Siku ambayo jirani zetu watasema, "Maadamu amesema, yatosha," kiapo hakitakuwa na la kutuongezea. Mungu atusaidie.